Umeme ukirudi mashine ijiwashe au itulie? Jinsi ya kuseti BIOS ya kompyuta ya mezani

Huku kwetu umeme haukatiki mara moja yakaisha. Unakatika, unarudi dakika mbili, unakatika tena, unarudi ule wa nusu nusu taa zinawaka kama kibatari, afu ndo unatulia. Kila mwenye steshenari hapa Mtwara mjini mpaka Mikindani, mpaka Masasi na Lindi, anaujua huo mchezo. Watu wananunua UPS, kile kisanduku chenye betri cha kushikilia mashine umeme ukikatika, wananunua stabilaiza, vizuri kabisa, ila wachache sana wanaoiambia kompyuta yenyewe ifanye nini umeme ukirudi. Na sehemu ya kuiambia ipo humo humo ndani ya mashine tangu siku uliyoinunua, haitaki bando wala malipo, inaitwa BIOS, na ukijua unachotafuta ni kazi ya nusu saa tu.

BIOS ni kile kiprogramu kidogo kinachokaa kwenye madabodi, kinaamka kabla ya Windows, kinakagua ram na diski na kibodi afu ndo kinaikabidhi mashine kwa Windows. Mashine za miaka ya karibuni kitu chenyewe ni UEFI ila mafundi wote bado tunaita BIOS na mimi humu nitaita hivyo hivyo. Cha kushika ni kwamba iko chini ya Windows, kwahiyo hata upige Windows mpya mara kumi setingi za humu hazibadiliki, na ndo maana kuna matatizo watu wanapiga Windows weee na hayaondoki.

Kuingia. Zima kompyuta kabisa, washa, na hapo hapo anza kugonga-gonga kitufe cha kuingilia, usisubiri nembo itokee manake ikishatokea mara nyingi umechelewa. Dell ni F2, HP za ofisini ni F10 au unagonga Esc kwanza inakupa menyu afu F10, Lenovo ThinkCentre ni F1, na zile za kuunga zenye madabodi za ASUS, Gigabyte au MSI ni Delete. Tumia kibodi ya waya na uichomeke tundu la nyuma la CPU, sio la mbele, na sio kupitia yale makebo ya kugawa USB, nimeshaona mtu anagonga F2 robo saa kumbe kibodi yenyewe bado haijaamka. Ikikushinda kabisa na Windows inawaka, shikilia Shift afu bonyeza Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, UEFI Firmware Settings, itakupeleka yenyewe. Humo ndani kwenye mashine za zamani mausi haifanyi kazi, unatembea kwa mishale na Enta na Esc, usishtuke.

Kabla hujagusa kitu chochote chukua simu, piga picha kila ukurasa. Kila ukurasa jamani, hata ule usiouelewa. Hiyo ndo kinga yako pekee, ukiharibu unarudisha kama ilivyokuwa kwenye picha. Na kama mashine yako ni ya Windows 11 na uliingia kwa akaunti ya Microsoft, angalia kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, manake ukibadili mambo ya kuwaka inaweza kukuomba ile namba ndefu ya tarakimu 48 na kama huna ndo umefungiwa nje ya nyumba yako mwenyewe. Namba hiyo inapatikana kwenye akaunti yako, itafute na uiandike kwanza, ndo uendelee.

Sasa kabla ya setingi kuna betri, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mashine nyingi ninazoletewa shida yao ni hii. Kwenye madabodi kuna kibetri cha duara kama shilingi, kinaitwa CR2032, cha volti 3. Hicho ndo kinaifanya saa ya kompyuta itembee hata ukichomoa waya ukutani, na kwenye mashine nyingi za zamani ndo kinachotunza hata setingi zenyewe. Kikifa, kila ukizima soketi asubuhi saa inarudi nyuma miaka kadhaa, unawasha unakuta mwaka ni 2012, intaneti inagoma kila tovuti inasema muunganisho sio salama kwa sababu vyeti vya tovuti vinaangalia tarehe, na kwenye kioo unaambiwa bonyeza F1 kuendelea. Huku pwani betri ikishakaa miaka kwenye mashine ya used unakuta hata kile kishikizo chake kimeshika kutu ya chumvi.

Kuna mwalimu alinifuata analia kabisa. Kompyuta yake ilikuwa inawaka kidogo afu kioo cha bluu, inarudia, kwahiyo akaipeleka kwa fundi, fundi akaifomati, matokeo ya wanafunzi wa mihula miwili yakaenda. Wiki mbili baadae tatizo likarudi vile vile ndo akaja kwangu. Nikaingia BIOS nikakuta tarehe ya kale, betri imekufa, na betri ilipokufa setingi zote zilirudi za kiwandani, ikiwemo ile ya namna diski inavyosomwa, “SATA Operation”, ilitoka AHCI ikaenda RAID, na Windows iliyopigwa kwa AHCI ukiigeuzia hivyo haiwaki, inatoa bluu. Nikabadilisha betri, nikarudisha AHCI, ikawaka, kumbe hata Windows mpya fundi aliipiga huko huko kwenye AHCI, betri ileile mbovu ikaigeuza tena, na hata ile ya kwanza kabla ya fomati ingewaka kwa kubonyeza vitufe vinne tu. Yale matokeo hayakurudi. Kwahiyo ndugu yangu ukiona kompyuta imegoma kuwaka na saa nayo imepotea, usikubali ifomatiwe kabla betri haijabadilishwa na hiyo setingi haijaangaliwa.

Kubadili betri ni rahisi. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani na sio kuzima swichi tu, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 15 ili umeme uliobaki kwenye pawa saplai uishe, fungua mfuniko, shika chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke, sukuma kile kikucha pembeni betri iruke. Mpya unaiweka upande wenye alama ya kujumlisha na maandishi ukiangalia juu. Kama vile vidole vya kishikizo vina kutu visugue taratibu na ufutio wa penseli. Kama una mita pima ile ya zamani, me ikisoma chini ya 2.8 hivi naitoa bila kujiuliza. Na ukinunua angalia iwe kwenye pakiti iliyofungwa, zile za kumwaga mezani zinazouzwa pamoja na za saa za mkononi nyingine zimeshachoka kabla hazijafika kwako.

Haya, betri nzima, tarehe na saa umeziweka sawa. Twende kwenye jambo lenyewe.

Setingi ya umeme ukirudi ina majina tofauti kila kampuni. Dell ingia Power Management utakuta “AC Recovery”. Lenovo ingia Power utakuta “After Power Loss”, HP ni jina hilo hilo ila liko chini ya Advanced, kwenye mashine mpya mpya ndani ya Boot Options na za zamani ndani ya Power-On Options. Madabodi za ASUS ni “Restore AC Power Loss” ndani ya Advanced, APM, na Gigabyte wanaita “AC BACK”. Majina mengi ila majibu ni matatu tu kote. La kwanza ni ibaki imezimwa mpaka mtu aje abonyeze. La pili ni ijiwashe umeme ukifika tu. La tatu ni irudi ilivyokuwa, kama ilikuwa inawaka iwake, kama ilikuwa imezimwa ibaki imezimwa.

Wengi wanaona la pili ndo zuri, mashine inajiwasha yenyewe, raha. Hapo ndo nawaomba mnisikilize. Kwa kompyuta ya kawaida ya dukani au ofisini isiyo na UPS nzima, weka ibaki imezimwa. Sababu ni ile niliyoanza nayo, umeme wetu ukirudi haurudi mara moja. Mashine ikijiwasha ule umeme wa kwanza unakuta iko katikati ya kupandisha Windows, inaandika kwenye diski, umeme unachapa tena, inazimika ghafla. Unarudi, inajiwasha, unachapa. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo inaingia kwenye ile Automatic Repair, na hapo kama diski ni ile ya kuzunguka, sio SSD, kila mara inapozimwa ghafla ndo unaichosha na kuharibu mafaili. Mashine iliyolala haidhuriki na mchezo huo kama inavyodhurika iliyo katikati ya kazi.

Mwaka mmoja msimu wa korosho, mwezi wa 11, niliitwa Tandahimba kwenye chama kimoja cha msingi. Kompyuta ya karani ilisetiwa ijiwashe umeme ukirudi, na UPS ipo ila betri yake ilishakufa siku nyingi, imebaki kuwa soketi ya kupendeza tu. Usiku umeme ulicheza sana, ofisi imefungwa, mashine iko peke yake inawaka inazima inawaka inazima. Asubuhi wanakuta inazunguka tu kwenye kurekebisha, na ukiweka sikio unasikia diski inagonga tak tak tak. Mnada uko siku mbili mbele. Karani ni mama mtu mzima, alikaa kwenye kiti akaniambia, “Mwanangu, humo mna kilo za watu.” Sikuwa na la kumjibu. Tulitoa mafaili tuliyoweza kutoa, mengine tulikaa na vitabu vya mizani na stakabadhi tukaandika upya mpaka usiku, watu watatu, jina kwa jina. Yote hiyo setingi moja. Toka siku hiyo nikifika mahali popote kufunga kompyuta, hiyo ndo ya kwanza kuigusa.

Ya kujiwasha ina kazi yake lakini. Mashine isiyokaliwa na mtu, mfano inayorekodi kamera za duka, au ile inayobeba faili za ofisi nzima na wengine wote wanazisoma humo, hiyo weka ijiwashe, ila iwe na UPS inayofanya kazi kweli na diski iwe SSD ikiwezekana, kuipima UPS ni kuchomoa waya wake ukutani mashine ikiwa imewaka na kuhesabu inakaa dakika ngapi. Na ujue kitu kimoja kinachowachanganya watu, kujiwasha kunatokea pale tu mashine yenyewe ilipokosa umeme kabisa. UPS ikiizima Windows vizuri kabla betri haijaisha, na umeme ukarudi UPS bado ina chaji kidogo, mashine haijawahi kuona umeme umekatika, kwahiyo itabaki imezima na wewe utasema setingi imegoma. Haijagoma, ndo ilivyo.

Ile ya tatu, irudi ilivyokuwa, me naiweka mara chache. Inaonekana ya katikati na ya busara ila kwa umeme wa kucheza-cheza inafanya yale yale ya kujiwasha, manake ilikuwa inawaka umeme ulipokatika si ndo maana tuko hapa.

Sasa kujiwasha kwa saa. Dell wanaita “Auto On Time”, Lenovo ni “Wake Up on Alarm” ndani ya Automatic Power On, HP ni “Scheduled Power-On” au “BIOS Power-On” kwenye za zamani, ASUS ni “Power On By RTC”. Unachagua kila siku, au siku za kazi tu, au siku unazotaka, na saa. Kwa steshenari ni kitu kizuri sana, unafika asubuhi wanafunzi wamejipanga na fotokopi zao mashine imeshawaka inakusubiri.

Hapa kuna mtego mmoja wa sisi waswahili na naomba usipite haraka. BIOS haijui saa zetu. Saa mbili asubuhi kwake ni 08:00. Dada anayenisaidia dukani nilimwambia seti iwake saa mbili, akaandika 02:00, na kwake ni sawa kabisa, saa mbili ni mbili. Usiku mlinzi akanipigia, “Bosi, dukani kwako mna mtu, naona mwanga unawaka.” Nimetoka mbio na bodaboda saa nane usiku, nafungua, hamna mtu, kompyuta imekaa imewaka inaonyesha picha ya ufukwe. Kwahiyo toa au jumlisha sita kila mara, saa moja asubuhi andika 07:00, saa mbili kasorobo andika 07:45, saa nane mchana 14:00. Dell nyingine zinakuja na AM na PM badala ya saa 24, hapo asubuhi ni AM, na kuwa makini sana na saa sita, manake 12 AM ni usiku wa manane na 12 PM ni mchana wa adhuhuri.

Ukinunua used pia angalia hapa hata kama hutaki kuitumia. Nimekutana na mashine iliyotoka Ulaya bado ina ratiba ya ofisi ya kule, inajiwasha siku za kazi tu wikiendi inapumzika, mwenye nayo alishaanza kufikiria mambo mengine. Izime hiyo ratiba, weka Disabled, usingizi utarudi.

Kama kwenye mashine hiyo hiyo una Ubuntu, ule mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta kama Windows, jua kwamba Windows inaiweka saa ya BIOS kwa saa ya hapa, Ubuntu kawaida yake inaiweka kwa saa ya dunia ambayo iko nyuma yetu masaa 3. Mashine uliyoiambia 08:00 itajiwasha saa tano asubuhi wateja wameshaondoka. Ukiwa na Ubuntu peke yake basi andika 05:00.

Na kingine, mashine haiwezi kujiwasha kama soketi umeizima. Wengi wetu tukifunga duka tunazima ukutani, na kwa radi za masika sisemi vibaya, hata me kukiwa na wingu zito nachomoa kila kitu. Ila basi usitegemee ratiba siku hiyo.

Hapo ndo tunafika kwenye umeme wa LUKU. Kompyuta iliyozimwa lakini imechomekwa bado inakula kidogo, kile kitaa cha kijani cha nyuma kwenye tundu la waya wa intaneti ndo ushahidi. Kuna setingi ya kuubana huo ulaji, Dell ni “Deep Sleep Control”, HP ni “S5 Maximum Power Savings”, Lenovo ni “Enhanced Power Saving Mode”, madabodi nyingine ni “ErP”, jina lililotoka kwenye sheria za Umoja wa Ulaya za kubana matumizi ya vifaa. Ukiiwasha, mashine ikizimwa inazima kweli kweli. Hesabu yenyewe ni ndogo, tuseme mashine inakula wati 2 imezimwa, masaa 24 mara siku 30 ni kama yuniti moja na nusu kwa mwezi, kwa mashine moja utaona sio kitu ila mwenye kompyuta 15 za darasa hapo ni yuniti zaidi ya 20 zinaenda bure. Ila ukiibana hivyo mashine haitaweza kuamshwa kupitia waya wa mtandao, hata kuamshwa na kibodi inaondoka, na kwenye baadhi hata ratiba ya saa inagoma. Kwahiyo chagua. Hutumii kuamsha kwa mtandao, iwashe hiyo. Unatumia, iache imezimwa, na upande wa Windows uzime ile “fast startup” kwenye Power Options manake nayo inaweza kukukwamisha. “Wake on LAN” yenyewe kwa duka la kompyuta mbili tatu me sioni haja, iache Disabled.

Twende kwenye kuwaka, yaani mashine ianze kutafuta Windows wapi. Dell ni “Boot Sequence”, Lenovo iko ndani ya Startup, HP na wengine ni “Boot Order”. Weka “Windows Boot Manager” au diski yako iwe juu kabisa, USB na mtandao zishuke chini au zitolewe tiki. Kwa steshenari setingi hii ni muhimu kuliko kwa sehemu yoyote ile, wateja wanasahau flashi kila siku, me nina kopo zima la flashi zisizo na wenyewe. USB ikiwa juu, asubuhi mashine inakuta flashi ya mtu, inajaribu kuwakia humo, unaambiwa hakuna kifaa cha kuwakia, unadhani diski imekufa. Kwahiyo likikutokea hilo kabla hujapiga simu kwa fundi angalia matundu yote ya USB, mbele na nyuma, hata kisomea memori kadi.

Na ukiona imeandika maneno ya PXE, hiyo inatafuta kuwaka kupitia mtandao, maana yake ama mpangilio umevurugika ama diski haionekani. Ingia BIOS uangalie kama diski imeorodheshwa. Ipo, panga upya. Haipo, chomoa umeme ukaze waya wa diski, sana sana kama mashine imetoka kusafiri kwenye basi.

Siku ukitaka kuwakia flashi ya kupiga Windows usibadili huo mpangilio, tumia menyu ya mara moja, Dell na Lenovo na Gigabyte F12, HP F9, ASUS F8, MSI F11, unachagua flashi kwa siku hiyo tu, kesho inarudi kawaida yenyewe.

Vidogo vidogo nipite haraka. “Numlock” iwashe, anayeandika hesabu atakushukuru. “Fastboot” ya Dell kama ina chaguo la Minimal na Thorough, kwa mashine inayotumia muda kuona printa au kibodi weka Thorough, inachelewa sekunde chache ila inakagua kila kitu. “Keyboard Errors” kwa mashine ya kamera isiyo na kibodi zima hiyo, la sivyo umeme ukirudi inaweza kusimama inalalamika haina kibodi na kamera hazirekodi, na wewe uko Lindi huna habari.

Vya kutogusa. Hiyo ya SATA nimeshaieleza, iache ilivyo. Ile ya UEFI na Legacy, yaani kuwaka kwa mtindo mpya au wa zamani, nayo iache, Windows iliyopigwa kwa moja haiwaki kwa nyingine. “Secure Boot” kama imewaka iache imewaka. Na usikubali kuapdeti BIOS siku ambayo umeme unacheza, hata kama kuna tangazo linakuomba, umeme ukikatika katikati ya hiyo kazi madabodi inaweza isiamke tena. Me naifanya kukiwa na UPS nzima, na kama hakuna tatizo ninalolitibu siifanyi kabisa.

Paswedi. Kuna mbili, moja inaombwa kila ukiwasha, nyingine ukitaka kuingia kubadili setingi. Weka hiyo ya pili tu, inazuia vijana wanaokaa na mashine wasivuruge, ya kwanza itakusumbua siku umesafiri na aliyebaki dukani haikumbuki. Iandike kwenye daftari la mauzo ukurasa wa mwisho. Na ukienda kununua used, kabla hujatoa hela omba iwashwe mbele yako, ingia BIOS, ikiomba paswedi na muuzaji haijui tafuta nyingine, kuna mashine inatoka kirahisi kwa kuhamisha kijampa kwenye madabodi na kuna nyingine itakusumbua wiki nzima.

Ukimaliza sevu. F10 kwa nyingi, Dell ni Apply afu Exit. Usitoke kwa kubonyeza kitufe cha pawa, utakuwa umefanya kazi bure.

Afu jaribu, usiseme tu itakuwa imekubali. Izime vizuri kwa Windows, chomoa ukutani, hesabu nusu dakika, chomeka. Imetulia? Sawa. Sasa iwashe, isubiri imalize kabisa, funga mafaili yote, na chomoa ikiwa imewaka, mara hii moja tu ndo naruhusu, chomeka tena. Ikitulia mpaka ubonyeze mwenyewe basi imeelewa. Ratiba ya saa nayo ijaribu, ingia uiwekee dakika tano mbele, sevu, iache ipande Windows, izime, ukae nayo. Ikijiwasha rudi uweke saa yako ya kweli, na uisome kwa sauti, 08:00, saa mbili asubuhi.

Mwisho kata kipande cha karatasi, andika tarehe uliyobadili betri, umeme ukirudi inafanya nini, SATA iko kwenye nini, bandika kwa selotepu ndani ya mfuniko wa CPU. Kwenye zangu zote ipo, na fundi atakayeifungua siku me sipo ataanzia hapo.